Kwa nini ganda la kartushi halijazwi kama chupa ya bia ya Simba

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, lile kubwa, na ndani yake mlijaa maganda matupu ya kartushi za kalibre 12. Mengine mekundu, mengine ya kijani, machache ya karatasi ya zamani iliyovimba kwa unyevu kama mkate uliochovywa kwenye chai. Baba Mukubwa amekuwa akiyatia humo tangu alipoanza kuwinda porini kando ya barabara ya Kasenga, nje ya Lubumbashi, Kongo, na nyumbani hakuna aliyewahi kumuuliza anayatunzia nini. Siku ile mdogo wangu ndiye aliyeuliza, au tuseme alikuja na jibu kabla ya swali. Simuni mwake mlikuwa na video ya Mmarekani aliyesimama kwenye gereji yake, anashusha mpini wa mashine, anaupandisha, na kila akiupandisha risasi nzima inayong'aa inadondoka kisandukuni.

"Yaya, ona huyu muzungu, anajitengenezea masasi mu garaji kama mutu anakaanga mandazi. Chupa ya Simba inarudiaka kiwandani, banaijaza tena. Juu ya nini kartushi hapana?"

Baba Mukubwa alijibu kwa maneno matatu tu: "Baruti haina ndugu." Kisha akarudi kwenye redio yake.

Ni maneno ya kweli, lakini hayamjibu mtu. Hoja ya chupa ina akili ndani yake, na kuna nchi ambako kujaza risasi upya nyumbani ni jambo la kawaida kwa wawindaji na walengaji shabaha. Basi nilikaa nikaanza kumfungulia mdogo wangu jambo hili kipande kwa kipande, na nilipomaliza nikaona heri niliandike. Vipimo vya kujazia sitavitaja. Mbele kidogo utaona kwamba kipimo kilichotolewa juu juu, bila kusema ni baruti ipi na ganda lipi, hakina faida kwa yeyote, na kinaweza kuondoka na vidole vya mtu.

Neno moja, vitu vinne

Mkanganyiko unaanzia kwenye lugha yenyewe. Kwa Kiswahili risasi ni ile metali nzito ya kijivu, ileile iliyo ndani ya betri za magari. Risasi ni kile kipande kinachoruka. Risasi ni kitu chote kizima kinachoingizwa kwenye bunduki. Na usiku mtu akisema "nimesikia risasi," anamaanisha mlio. Sisi wa Lubumbashi tunafunga yote hayo katika neno masasi na maisha yanaendelea, lakini ukitaka kuelewa habari ya kujaza upya, lazima uvitenganishe.

Risasi nzima ya bunduki ina vitu vinne. Kuna ganda, ndicho chombo chenyewe. Kwenye kitako cha ganda kuna fataki, kidude kidogo kama kifungo cha shati, ambacho wengi wetu tunakiita amorse kwa jina la Kifaransa. Pini ya bunduki ikikigonga, kinatoa cheche. Cheche inawasha baruti iliyomo ndani, nayo baruti inageuka kuwa gesi ya moto inayosukuma kitu cha nne, yaani risasi yenyewe ya kuruka. Kwenye kartushi ya kalibre 12 anayeruka si mmoja, ni kundi la chembe, na kati yake na baruti kuna kizibo kinachoitwa bura, kinachozuia gesi isizipite chembe njiani.

Baada ya kufyatua, fataki imekwisha, baruti imekwisha, risasi imekwenda zake. Linalobaki ni ganda. Kujaza upya maana yake ni kununua vitu vitatu vipya na kuviingiza kwenye kitu kimoja cha zamani. Yule wa kwenye video hatengenezi risasi kutoka hewani, anaunganisha vipande ambavyo viwanda vimekwisha kuvitengeneza na kuvipima. Fataki alizinunua. Baruti aliinunua katika kopo lenye jina na namba. Wapo wanaoyeyusha risasi na kumimina wenyewe zile za kuruka, lakini fataki na baruti hutoka kiwandani.

Kwa hiyo ule mfano wa chupa ya Simba unakubalika, ila ukamilishe. Chupa inarudi kiwandani kwa sababu kiwanda kipo. Inakaguliwa, inaoshwa kwa maji ya moto na dawa, yenye ufa inatupwa, kisha inajazwa kinywaji ambacho mtu mwenye maabara amekipima. Hakuna anayeokota chupa barazani na kuijaza kile anachodhani kuwa bia.

Shaba yetu, zinki yetu

Hapa nitakaa kidogo, maana ni habari ya nyumbani.

Ganda zuri la bunduki ya kijeshi au ya kuwindia wanyama wakubwa hutengenezwa kwa shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Mkoa wetu, Katanga, uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na tanuru la Lubumbashi lilimimina shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Zinki nayo iko Kipushi, mwendo mfupi tu kutoka mjini, kwenye mgodi uliosimama mwaka 1993 na kuanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Ukitaka kujua dunia ilichukua nini huku, shika ganda la risasi mkononi.

Kwa nini shaba ya njano, na si chuma ambacho ni rahisi? Kwa sababu ganda lina kazi ambayo jicho haliioni. Baruti inapowaka, ganda linatanuka na kubana kuta za chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu inakokaa risasi. Likibana hivyo gesi haipati njia ya kurudi usoni pa mfyatuaji. Mara tu shinikizo linapoanguka, ganda linajikunja kidogo, ndiyo maana linatoka bila kung'ang'ania. Kutanuka, kuziba, kurudi: shaba ya njano inafanya hivyo vizuri kuliko metali nyingi. Maganda ya chuma yapo, yamejaa duniani, hasa ya bunduki za kivita za Kirusi, lakini yalitengenezwa ili yatumike mara moja na kuachwa chini.

Shida ni kwamba shaba ya njano inachoka. Kila inapotanuka na kurudishwa umbo inazidi kuwa ngumu, na kitu kigumu hupasuka. Mdomo wa ganda unapata ufa mwembamba kama unywele. Hatari zaidi iko chini, karibu na kitako, ambako metali inavutwa na kuwa nyembamba kwa ndani huku nje ikionekana salama. Wajazaji wenye uzoefu huchukua waya mwembamba, wakaupinda ncha kama ndoano, wakaupitisha ndani ya ganda wakipapasa. Ncha ikiangukia kwenye mfereji, ganda hilo safari yake imekwisha. Lisipogunduliwa, siku moja linakatika vipande viwili ndani ya bunduki.

Kuna kisa kimoja ninachokipenda kuhusu uchovu huu. Katika karne ya 19, jeshi la Waingereza huko India liliona maganda ya risasi yakipasuka yenyewe ghalani bila kufyatuliwa, na zaidi ilikuwa wakati wa masika. Risasi zilihifadhiwa kwenye mazizi ya farasi. Mkojo wa farasi ulikuwa unatoa amonia, amonia pamoja na unyevu zikaila shaba pale ilipokuwa imebanwa na nguvu za kiwandani. Sijui ni wawindaji wangapi wa huku wanaohifadhi kartushi zao chumba kimoja na mbuzi, ila wanaofanya hivyo sasa wamepata sababu ya kuhama.

Jambo jingine dogo lenye kuamua mengi: tundu la fataki. Kuna mitindo miwili, na kila mmoja una jina la mwanajeshi wa karne ya 19. Boxer alikuwa Mwingereza, Berdan alikuwa Mmarekani. Ganda la mtindo wa Boxer lina tundu moja katikati, kwa hiyo sindano ya mashine inapita kutoka juu na kuisukuma fataki iliyokufa itoke. La Berdan lina vitundu viwili pembeni, na sindano haina pa kupita. Kichekesho ni kwamba Wamarekani ndio waliokumbatia mtindo wa Mwingereza, na majeshi mengi ya upande huu wa dunia yakachukua wa Mmarekani. Ndiyo maana kujaza nyumbani kulishika mizizi Marekani: maganda yao yanakubali kufunguliwa.

Kinachofanyika pale mezani

Sasa turudi kwa yule jamaa wa gereji. Video inaonyesha mpini ukipanda na kushuka, lakini kazi yenyewe imeanza mapema zaidi. Maganda yamepangwa kwa aina, yameoshwa, yamekaguliwa moja moja. Kila ganda linasukumwa ndani ya kalibu ya chuma kigumu inayolirudisha kwenye upana wake wa awali, kwa sababu chemba ya bunduki ililitanua, na papo hapo fataki ya zamani inang'olewa. Urefu unapimwa, maana ganda hurefuka, na la ziada linakatwa. Fataki mpya inabanwa polepole kwa mkono unaohisi. Hapo hakuna nyundo.

Kisha baruti. Hapa ndipo mchezo unapoisha.

Baruti hupimwa kwa kipimo cha zamani cha Waingereza kiitwacho greni, kilichotokana na punje ya shayiri. Gramu moja ina greni 15 na kitu. Mizani ya mjazaji husoma sehemu ya kumi ya greni, yaani kama miligramu 6 na nusu. Punje moja ya mchele ina uzito wa karibu miligramu 20. Kwa hiyo huyu bwana anapima tofauti iliyo ndogo kuliko theluthi ya punje ya mchele, na anafanya hivyo kwa kufuata jedwali. Jedwali hilo hutolewa na watengenezaji wa baruti baada ya kufyatua risasi za majaribio kwenye mitutu maalumu yenye vipima shinikizo. Linasema: baruti hii kwa jina lake, ganda hili, fataki hii, risasi ya uzito huu, anzia hapa, usipite pale. Ukibadilisha kimoja kati ya hivyo, umetoka kwenye jedwali, na unarudi kuanzia chini.

Makosa mawili yanaogopwa kuliko yote. La kwanza ni kusahau baruti. Utadhani hilo halina madhara, kumbe fataki peke yake ina nguvu ya kuisukuma risasi hadi ndani ya mtutu, ikakwama humo. Mfyatuaji anasikia mlio hafifu, anadhani kartushi ni mbovu, anaingiza nyingine. Ya pili inamkuta mwenzake njiani, mtutu unapasuka. Kosa la pili ni kinyume chake, kutia baruti mara mbili kwenye ganda moja, na kipimo cha baruti nyingi za kisasa ni kidogo kiasi kwamba hata mara mbili kinaenea bila kumwagika. Ndiyo sababu mjazaji makini anamulika tochi ndani ya kila ganda kabla ya kuliziba, haweki makopo mawili ya baruti juu ya meza moja, na simu ikilia haipokei. Yule wa kwenye video anaongea na kamera huku akijaza. Mimi nisingekubali kusimama karibu naye siku ya kufyatua.

Ukitoka mezani unaosha mikono, kwa sababu vumbi la fataki zilizotumika lina risasi, ile metali, na linaingia kwa watoto kupitia chakula. Watu wa Katanga hatuhitaji kufundishwa sana kuhusu vumbi la metali.

Baruti mbili zenye jina moja

Kama ningeruhusiwa kumwachia mdogo wangu jambo moja tu, lingekuwa hili. Tunasema baruti kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu viwili vyenye tabia mbalimbali.

Baruti nyeusi ni ya kale: shura, makaa na salfa. Inatoa moshi mzito mweupe na harufu ya yai bovu. Ndiyo ya pupu, zile bunduki za kienyeji zinazojazwa kupitia mdomo wa mtutu. Baruti ya pili haina moshi mwingi. Mkemia Mfaransa Paul Vieille aliitengeneza mwaka 1884, na miaka miwili baadaye Ufaransa ikawa na bunduki ya Lebel iliyotumia baruti hiyo. Majeshi mengine yakakimbilia njia hiyohiyo, na leo karibu kila risasi ya kiwandani ina baruti ya ukoo huo.

Tofauti kubwa haiko kwenye moshi, iko kwenye namna zinavyoitikia shinikizo. Ya kisasa inabeba nguvu nyingi zaidi kwa uzito uleule, na kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo inavyozidi kuwaka haraka, na kadiri inavyowaka haraka ndivyo shinikizo linavyozidi kupanda. Fikiria moto wa nyasi mwezi wa nane: upepo unauchochea, nao moto unaleta upepo wake. Katika risasi iliyopimwa, mduara huo unakatwa kwa wakati, kwa sababu kitu cha mbele kinatoka na kuacha nafasi. Katika bomba lililotiwa baruti ya kisasa kwa kikombe kilekile ambacho babu alipimia baruti nyeusi, haukatwi na kitu. Ni bomba ndilo linalokatika.

Na hata ndani ya hizo za kisasa kuna za haraka na za polepole. Za haraka ni za bastola na kalibre 12, za polepole ni za bunduki ndefu zenye risasi nzito. Ukizimwaga kiganjani zote ni vijivujivu vidogo, vingine bapa, vingine kama vijiti, vingine mviringo, na umbo halikwambii kasi. Hakuna fundi, hata awe na miaka arobaini kazini, anayeweza kuangalia baruti isiyo na kopo akajua ni ipi. Kwa hiyo ile tabia ya kufungua risasi za aina moja ili kupata baruti ya kutilia kwenye nyingine haitokani na umaskini peke yake, inatokana na kudhani kuwa jina moja ni kitu kimoja.

Tupime kwa tarakimu. Tairi la gari dogo lina shinikizo la baa 2 na kidogo. Kiwango cha juu cha kawaida kwa kartushi ya kalibre 12 yenye milimita 70, kwa kanuni za tume ya kimataifa ya kujaribu silaha iliyoanzishwa Liège mwaka 1914, ni baa 740. Bunduki ya kuwindia ya .308 Winchester inaruhusiwa kufika 4,150. Yote hayo yanatokea karibu na shavu la mtu.

Alama kwenye mtutu wa Baba Mukubwa

Hapo mdogo wangu akasema sawa, bunduki ya mzee si pupu, ni ya kiwandani, kwa hiyo inavumilia. Tukaiomba. Mzee aliifungua, akahakikisha mitutu yote miwili ni mitupu, akatuonyesha kidole chake kikipita, ndipo akatukabidhi.

Chini ya mitutu, ukiondoa ule mti wa kushikia, kuna alama ndogondogo. Kuna yai lenye herufi ELG ndani yake na taji juu: hiyo ni nyumba ya majaribio ya Liège, Ubelgiji, ambako mitutu imekuwa ikijaribiwa tangu karne ya 17. Bunduki nyingi za zamani zilizobaki Kongo zina yai hilo. Alama ya kutafuta zaidi ni simba mdogo juu ya herufi PV, yaani mtutu umejaribiwa kwa baruti ya kisasa. Bunduki ya Kibelgiji yenye ELG lakini isiyo na simba huyo huenda ilikusudiwa baruti nyeusi tu, hata kama inang'aa. Ya mzee ina simba. Tulishusha pumzi.

Kisha tukaona tarakimu 12 na karibu yake 65. Ile 12 watu wengi wanadhani ni milimita. Siyo. Chukua ratili moja ya risasi, gramu 453, uigawe iwe mipira 12 iliyo sawa. Mpira mmoja utakuwa na gramu kama 38, na upana wake, milimita 18 na nusu hivi, ndio upana wa mtutu. Ndiyo maana kalibre 20 ni nyembamba kuliko 12: ratili ileile imegawiwa watu wengi zaidi. Na humo mna mtego. Kartushi ya kalibre 20 ikiingizwa kwa bahati mbaya kwenye mtutu wa 12 inateleza mbele kidogo na kukwama, macho hayaioni, na nyuma yake kartushi ya 12 inaingia vizuri kabisa.

Ile 65 ni urefu wa chemba kwa milimita. Kartushi nyingi zinazouzwa leo ni za 70, na urefu huo ni wa ganda likiwa limefunguka. Kabla ya kufyatuliwa mdomo wake umekunjwa, kwa hiyo kartushi ni fupi na inaingia bila ubishi kwenye chemba ya 65. Inapofyatuliwa mdomo unafunguka ndani ya sehemu inayobanana, unaziba njia, shinikizo linapanda. Nilichukua rula na kupima maganda ya kwenye kopo. Mengi yalikuwa na milimita 70, na midomo yake ilikuwa imechanika kama shati lililonaswa kwenye mwiba.

Baba Mukubwa aliliangalia ganda moja muda mrefu. "Miaka yote hii," akasema, "nilifikiri ni plastiki mubaya."

Karatasi na mfuko

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi, kwa sababu haina utata mwingi. Kwetu silaha na risasi zinaongozwa na amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na uwindaji na sheria ya 28 Mei 1982. Kibali cha silaha na kibali cha kuwinda ni karatasi mbili, na hakuna hata moja kati ya hizo inayokufanya mtengenezaji wa risasi. Kongo ilitia saini pia mkataba wa Kinshasa wa kudhibiti silaha ndogo wa mwaka 2010, ulioanza kufanya kazi 2017, na mkataba huo haukuishia kwenye bunduki, unagusa risasi na vipande vya kutengenezea. Afrika Kusini, ambako malori yanatoka kuja mpakani kwetu Kasumbalesa kila siku, mwenye leseni anaruhusiwa kujaza risasi za bunduki yake mwenyewe. Ruhusa hiyo haivuki mpaka pamoja naye. Kopo la baruti ndani ya begi, huku kwetu, si kifaa cha mchezo.

Na faida? Hapa ndipo nilipomshangaza mdogo wangu. Anayeokoa fedha kwa kujaza ni mlengaji shabaha anayefyatua mamia kila mwezi, au mtu mwenye bunduki ya aina adimu ambayo risasi zake hazipatikani. Kwake ganda la shaba ndicho kitu cha thamani, na analitumia tena mara nyingi. Kabla ya risasi yake ya kwanza ameshanunua mashine, kalibu, mizani na kipimio. Mzee anafyatua kartushi chache kwa msimu, kwa ajili ya kanga na swala wadogo. Asingerudisha gharama ya mizani peke yake. Zaidi ya hayo, ganda la kalibre 12 ni plastiki, na plastiki inachakaa palepale kwenye mikunjo ya mdomo. Ndilo ganda rahisi kuliko yote dukani na lenye faida ndogo kuliko yote kulijaza.

Mdogo wangu hakukata tamaa, ni mtoto wa Lubumbashi. Akasema basi tuuze vile vitako vya njano kwa wanunuzi wa mitraye, yaani vyuma chakavu, si nimemwambia mwenyewe ni shaba asilimia 70 na zinki 30? Akaleta sumaku ya spika iliyoharibika, kwa kuwa alijua mnunuzi ataanza nayo, akaishusha ndani ya kopo. Ilipanda na rundo zima. Vitako vya kartushi nyingi za siku hizi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Yaliyobaki chini ya kopo ni yale matatu ya karatasi iliyovimba, na hayo Baba Mukubwa aliyachukua, akayatia mfukoni, akasema hayauzwi.